Umwagiliaji wa matone: mpira ni ule ule, kwa nini tuta la mwisho linakauka?

#1 Tone la Asubuhi

Wakuu, habari za muda huu.

Maswali ya dripu yanarudi humu kila wiki, na majibu mengi yanatoka kwenye karatasi ya muuzaji. Mimi nina misimu 6 kwenye matone. Msimu wa kwanza niliuharibu vizuri kabisa, kwa hiyo acheni nianzie huko.

Nilikuwa na matuta 12 ya nyanya, kila tuta upana mita 1, urefu mita 15. Tenki juu ya kichanja cha mita 1 na nusu, bomba kuu jembamba (nilibana matumizi), mipira miwili kila tuta, matundu kila sentimita 30. Aliyeniuzia akasema: "Kila tundu linatoa lita 1 kwa saa. Fungua saa moja asubuhi, basi, nenda kalale."

Nikalala kweli. Wiki ya tatu matuta ya karibu na tenki miche imesimama, ya mwisho imeanza kukunja majani kabla hata jua halijakolea. Na juu ya udongo unyevu ulikuwepo! Ukipita unaona viduara vyeusi, kimoja kila penye tundu, vimejipanga kama vifungo vya shati. Nikaamua ni ugonjwa. Nikapiga dawa ya ukungu mara mbili, na nyanya zikaendelea kusinyaa huku zimepakwa dawa.

Kilichoniamsha ni jembe. Nilichimba kando ya shina moja la tuta la mwisho. Unyevu uliishia kina cha kidole. Chini yake vumbi, unalipuliza linapeperuka. Nikaenda tuta la kwanza, nikachimba hivyo hivyo: unyevu umezidi kina cha kiganja, na mizizi myeupe imeufuata.

Kile kiduara cha juu hakikuambii chochote. Dripu inafanya kazi chini, na mimi nilikuwa naikagua kwa macho nikiwa nimesimama.

Nashusha sehemu ya pili jioni. Maswali yawekeni.

#2 mzee wa koki

Nimekaa mbele kabisa, kijana. Hiyo ya kupiga dawa ya ukungu kwenye kiu nimeifanya pia, sema sikuwahi kumwambia mtu.

#3 Tone la Asubuhi

Mzee shikamoo. Sehemu ya pili.

Chukua kipande cha tepu ya dripu (ndiyo ule mpira wa matundu), uchane kwa wembe penye tundu. Ndani hutakuta tobo la kawaida. Utakuta kijia chembamba chenye meno meno, kinapinda huku na huku, kisha ndipo maji yanatoka nje. Hicho kijia ndicho dripu yenyewe. Maji yanaingia yakiwa na nguvu, yanagonga kona, yanazunguka, yanapoteza nguvu kila kona, hadi yanafika nje yamechoka, yanadondoka tone tone. Wangeweza kutoboa tobo dogo sana lifanye kazi hiyo hiyo, lakini tobo dogo linaziba kwa punje moja ya mchanga. Kijia chenye kona kinaruhusu nafasi iwe pana kidogo huku maji yakiendelea kubanwa.

Sasa presha. Inapimwa kwa bar, na kila mita 10 za kimo cha maji ni kama bar 1. Tepu nyingi lita zake zimeandikwa kwa presha ya karibu bar 1. Tenki langu la mita 1 na nusu lilikuwa linatoa bar 0.15. Na kwa tundu la aina hii maji hayapungui sawasawa na presha, yanafuata kipeuo cha pili chake. Kwa hiyo kwa bar 0.15 unapata kama asilimia 39 ya kilichoandikwa. Lita 1 yangu kwa saa ilikuwa chini ya nusu lita, na hiyo ni kwenye tuta la kwanza.

Tuta la mwisho lilikuwa juu zaidi kwa nusu mita tu, hata jicho halioni. Lakini nusu mita kutoka kwenye mita 1 na nusu ni theluthi nzima ya presha! Ongeza na bomba jembamba linalokula presha njiani. Nilipopima, lilikuwa linatoa kama robo lita kwa saa. Mtu mwenye pampu ya bar 1 akiwa na mwinuko huo huo wa nusu mita, anapoteza kama asilimia 2 hadi 3 ya maji, wala hajui. Ndiyo maana mtu anakwambia "mimi kwangu inafanya kazi" na hakudanganyi.

Kupima ni rahisi. Fukia kikopo chini ya tundu, au kitu chochote kinachokusanya, acha dakika 6. Tundu la lita 1 kwa saa likikupa mililita 100, liko sawa. Pima mwanzo wa mpira, katikati, mwisho. Tuta la kwanza, la kati, la mwisho. Vikopo 9, dakika 6, na shamba lako umelijua kuliko aliyekuuzia.

Nilichofanya: nilipandisha tenki hadi mita 3, nikaweka bomba kuu nene, nikaweka koki ili nimwagilie matuta 4 kwa zamu badala ya 12 kwa pamoja. Mipira ni ile ile. Tundu likafika karibu nusu lita kwa saa, na tofauti ya tuta la kwanza na la mwisho ikawa ndogo.

#4 Binti Bustani

Asante kaka, umenifungua macho. Swali: mimi udongo wangu ni kichanga kabisa. Nikiweka matundu kila sentimita 30 naona katikati ya tundu na tundu pamekauka hata nikimwagilia saa mbili. Nikaze muda?

#5 Tone la Asubuhi

Dada, usikaze. Kwenye kichanga maji hayatawanyiki, yanashuka. Ukichimba utakuta umbo la karoti: jembamba, refu. Saa mbili zote hizo zimeenda chini ambako mzizi haufiki, na mbolea imeshuka nazo. Kwenye mfinyanzi ni kinyume, utakuta umbo la kitunguu kilichobonyezwa, pana na fupi, kwa sababu punje ndogo zinayavuta maji pembeni.

Kwa hiyo kichanga: matundu karibu karibu, sentimita 20 au hata 15, na umwagilie kidogo mara nyingi, hata mara 2 au 3 kwa siku kukiwa na joto. Mfinyanzi: matundu mbali kidogo, unamwagilia kwa muda mrefu na unaacha siku ipite. Ukiongeza mboji na matandazo kwenye kichanga chako utaona umbo linaanza kunenepa, lakini hiyo ni kazi ya misimu.

Kama mipira ya sentimita 30 umeshanunua, weka miwili kwa kila mstari na uipishanishe, tundu la huu liangalie katikati ya matundu ya ule.

#6 Mzushi wa Hoja

Mimi naomba nipingane kidogo. Kila mtu humu anaimba dripu inaokoa maji. Jirani yangu wa shamba kabla ya dripu alikuwa anamwagilia kwa mifereji eneo dogo. Baada ya dripu kaongeza eneo mara mbili, na kisima kinashuka kuliko zamani. Maji gani yameokolewa hapo?

#7 Tone la Asubuhi

Hoja yako ni nzito, na wauzaji hawaipendi.

Makadirio ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) ambayo wengi wanayatumia ni haya: mifereji asilimia 60 ya maji ndiyo inamfikia mmea, mvua ya kutengeneza (ile mitambo ya kunyunyizia kutoka juu) asilimia 75, matone asilimia 90. Sasa ile 40 ya mifereji haikupotea yote. Sehemu ilipanda hewani, kweli, lakini sehemu ilizama na pengine ikarudi kisimani. Ukiweka dripu halafu maji "uliyookoa" ukayapeleka kwenye eneo jipya, mimea inayapandisha hewani yote. Kisima hakijapata kitu.

Matone yanaokoa maji ya tuta. Kuokoa maji ya kisima ni uamuzi wa mwenye shamba, mpira haukusaidii. Na hiyo 90 ni kama umeiendesha vizuri. Dripu iliyosahauliwa wazi usiku kucha ni mfereji wenye bei kubwa.

Faida nyingine zipo na ni za kweli: katikati ya matuta pakavu, magugu machache, majani hayalowi, kwa hiyo magonjwa ya ukungu yanayohitaji majani yenye maji yanapungua, unaweza kuvuna na kupalilia huku maji yanatembea. Ila utitiri mwekundu unafurahia majani makavu yenye vumbi. Hilo nalo hawasemi.

#8 Mzushi wa Hoja

Nimekubali nusu. Nusu nyingine nakwenda kuitafakari.

#9 Fundi Filta

Uzi mzuri. Nilisubiri mtu aguse chujio, naona hamna, acha niingie. Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha hii mitambo, na ninapoitwa "dripu imekufa", mara nyingi sana haijafa, imekabwa.

Kuna vitu vitatu vinavyokaba, na dawa zake hazifanani.

Cha kwanza ni mchanga na tope. Hiki chujio linakimaliza. Kwa dripu ya kawaida tafuta chujio lenye vitundu vya mikroni 130 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lile watu wanaliita mesh 120. Maji ya kisima kirefu, chujio la neti linatosha. Maji ya mto, bwawa au mfereji, chukua la visahani (visahani vya plastiki vilivyobanwa pamoja, maji yanapita katikati yake), maana neti itajaa mwani ndani ya nusu saa na presha ikizidi mwani unapenyezwa kama tambi. Mashamba makubwa yenye maji ya bwawa wanaweka matenki ya mchanga kwanza, halafu ndiyo la visahani.

Cha pili ni viumbe: mwani na ute wa bakteria. Mwani unataka mwanga. Tenki linaloangaza, linalopitisha jua, ni kitalu cha mwani. Lipake rangi nyeusi au lifunike, mipira iwe myeusi, nusu ya tatizo imeisha. Ute unaoota ndani ya mipira unauawa kwa klorini kidogo, unaiacha ikae ndani ya mipira, kisha unasuuza.

Cha tatu ni madini. Maji magumu yanaacha gamba jeupe kwenye tundu, lile lile la ndani ya birika. Hilo klorini hailigusi, linataka asidi ya kulifanya liyeyuke. Halafu kuna chuma. Maji yanatoka kisimani meupe peee, ukiyaacha kwenye ndoo hadi kesho yamekuwa ya kutu. Hayo usiyapeleke moja kwa moja kwenye mpira. Yaangushie tenkini kwa kurushwa rushwa yapate hewa, yatulie, kutu ishuke chini, halafu chukua maji ya juu na uyachuje.

Na hapa nisikilizeni vizuri: KLORINI NA ASIDI VISIKUTANE. Si kwenye ndoo moja, si kwa siku moja bila kusuuza katikati. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini na gesi hiyo inaua. Na asidi ndiyo inamiminwa ndani ya maji, kamwe usimwage maji ndani ya asidi, itakurukia usoni. Kama hujawahi kufanya, mwite anayejua.

Mambo madogo ambayo watu wanayapuuza:

Laza mpira matundu yakiangalia JUU. Tope linalala chini ya mpira, maji safi yanatoka juu. Ukilaza yakiangalia chini, tundu linakunywa tope.

Weka vali ya hewa mahali pa juu kabisa pa mfumo. Ukifunga koki, maji yanayoshuka yanavuta nyuma yake, na kama hewa haina pa kuingilia itaingilia kwenye matundu, ikiwa imebeba matope ya nje.

Na fungua ncha za mipira. Mmoja mmoja, si yote kwa pamoja, ili mkondo uwe na nguvu. Acha maji yatoke hadi yawe meupe. Maji machafu, kila wiki. Maji safi, angalau mara moja kwa mwezi. Nimefika shamba moja ambako ncha hazijawahi kufunguliwa tangu zifungwe. Nilipofungua ya kwanza ilitoka kitu kama uji wa ulezi, halafu ikasimama. Ikabidi nikamue mpira kwa mkono kama naminya dawa ya meno.

#10 mzee wa koki

Fundi, hii ya matundu kuangalia juu nimelima miaka mingi sikuijua. Kesho asubuhi nageuza mipira yote.

#11 Fundi Filta

Mzee geuza, ila kwanza fungua ncha usuuze, maana tope la zamani liko ndani.

#12 Mkulima Chipukizi

Samahanini wakubwa. Mimi bado naanza. Nataka kujua muda. Nitajuaje nimwagilie dakika ngapi? Kila mtu anasema lake, mwingine dakika 20, mwingine saa 3.

#13 Tone la Asubuhi

Mdogo wangu, wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Muda bila kujua tundu linatoa kiasi gani hauna maana.

Hesabu yake. Maji ya kina cha milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Tuseme hali ya hewa yako inavuta milimita 5 kwa siku kutoka kwenye mmea uliokomaa na kufunika tuta. Tuta langu ni mita 15 za mraba: 15 mara 5 ni lita 75. Gawanya kwa 0.9 kwa ajili ya kinachopotea, unapata kama lita 83. Tuta lina mipira 2, kila mmoja matundu 50, jumla 100. Kwa lita 1 kwa saa ni lita 100 kwa saa, kwa hiyo dakika 50. Kwa nusu lita kwa saa, ambayo ndiyo yangu halisi, ni saa 1 na dakika 40. Unaona? Tuta moja, nyanya ile ile, na majibu mawili.

Mche mchanga unakunywa kama nusu ya hiyo. Usimpe mtoto sahani ya mtu mzima, utaozesha mizizi na kinyausi (ugonjwa wa kuoza miche) kitakumalizia kitalu.

Halafu hesabu ikishakwisha, chimba. Saa chache baada ya kumwagilia, chimba kando ya shina hadi kina cha mizizi. Finyanga udongo mkononi. Ukishikamana bila kutoa maji kati ya vidole, umepatia. Ukivunjika, ongeza. Ukilowesha kiganja, punguza. Hesabu inakuweka karibu, mkono ndio unamalizia.

#14 Binti Bustani

Na karoti? Nilipanda mbegu za karoti chini ya dripu zikaota visiwa visiwa, penye tundu tu.

#15 mzee wa koki

Hiyo mwanangu usihangaike nayo. Mbegu ndogo za kupanda juu juu, mwagilia kwa kopo la kunyunyizia mpaka ziote, ndipo uziachie dripu. Mbegu ya karoti haina mzizi wa kuyafuata maji, inataka maji yaifuate.

#16 Mchanganyaji

Nani anapitisha mbolea kwenye dripu? Mimi jana nimeharibu. Niliweka kalsiamu naitreti na magnesiamu salfeti kwenye pipa moja nikakoroga. Maji yakageuka meupe kama tui. Nikasema pengine ndiyo inavyokuwa, nikafungulia. Sasa nusu ya matundu kimya.

#17 Fundi Filta

Pole sana mkuu. Umetengeneza jasi (ule unga mweupe wa plasta) ndani ya mipira. Kalsiamu ikikutana na salfeti kwenye mchanganyiko mzito inaganda, na ikikutana na fosfeti ndiyo mbaya zaidi. Kalsiamu inakaa pipa lake peke yake, au siku yake peke yake.

Suuza sasa hivi, kabla halijakauka. Fungua ncha zote kwa zamu, maji mengi, presha yote uliyonayo. Jasi ni ngumu kuliko gamba la maji magumu, asidi haiiwezi sana. Matundu yatakayobaki kimya baada ya siku mbili, yahesabu, na kama ni mengi kwenye mpira mmoja, badilisha huo mpira. Tepu nyembamba yenyewe ni ya msimu mmoja hadi mitatu, usiililie.

Siku nyingine kabla ya kufungulia, changanya kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo, kwa uwiano ule ule na kwa maji yale yale ya shamba. Iache saa mbili. Ikibaki angavu, endelea. Ikiwa na ukungu au mashapo, acha.

#18 Tone la Asubuhi

Naongeza hapo. Mpangilio wa mbolea: maji matupu kwanza hadi mipira yote ijae na presha itulie, kisha mbolea, kisha maji matupu tena ya kusukuma mabaki. Ukianza na mbolea moja kwa moja, tuta la kwanza linashiba na la mwisho linapata harufu. Ukimaliza na mbolea, inalala ndani ya mpira inalisha mwani.

Na kama unachota kisimani au bomba la watu wengine, weka vali ya kuzuia maji kurudi nyuma. Pampu ikizima ghafla, mbolea yako inaweza kurudi kwenye maji ya kunywa. Hilo halina mjadala.

#19 Msoma Mengi

Nje ya mada kidogo, kwa wanaopenda historia. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1930 mhandisi wa maji Simcha Blass aliona mti mmoja umekua kuwashinda wenzake bila kumwagiliwa na mtu. Alipochimba akakuta bomba linavuja tone tone karibu na mizizi. Lakini hakuwa na kitu cha kutengenezea mipira ya bei nafuu hadi plastiki ilipoenea baada ya vita kuu ya pili ya dunia. Mwaka 1965 yeye na kibutzi (kijiji cha ujamaa) ya Hatzerim huko Israeli wakaanzisha Netafim, kampuni ya dripu, na kilichobadilisha mchezo ni kile kijia kirefu cha ndani ambacho mleta uzi amekichana kwa wembe.

Wazo lenyewe ni la kale mno. Maandishi ya kilimo ya China ya karne ya 1 kabla ya Kristo yanaeleza kufukia mtungi wa udongo usiopakwa rangi, mdomo ukiwa usawa wa ardhi, unajazwa maji, na mbegu za tikiti zinapandwa kuuzunguka. Maji yanapenya ukutani kadiri udongo unavyokauka. Mtungi hauna presha, hauna chujio, na unajirekebisha wenyewe.

#20 mzee wa koki

Sasa huo mtungi ndio ninaoutaka mimi.

#21 Mkaa Ghorofani

Mimi sina shamba, nina vyungu 14 kibarazani. Hii inanihusu?

#22 Tone la Asubuhi

Inakuhusu sana. Ndoo ya lita 20 juu ya stuli, urefu wa mita 1, mpira mwembamba, tundu moja kila chungu, na kitambaa au chujio dogo kwenye mlango wa ndoo. Angalizo mbili. Kwa mita 1 usitegemee lita zilizoandikwa, pima kwa kikopo. Na mchanganyiko wa vyungu ukikauka kabisa unakataa maji, yanapita pembeni ya chungu na kutokea chini kwenye tundu la kutolea maji, na wewe unadhani mmea umekunywa. Chungu kilichokauka hivyo kitumbukize kwenye beseni la maji kwanza, kiloe, ndipo ukirudishe kwenye dripu.

#23 Binti Bustani

Swali la mwisho jamani. Kwenye kingo za tuta naona poda nyeupe, kama unga. Mbolea au ukungu?

#24 Fundi Filta

Uonje kwa ncha ya ulimi (kidogo!) na utaona ni chumvi. Maji yote yana chumvi kidogo, na mbolea ni chumvi pia. Matone yanapotawanyika kutoka kwenye tundu yanazisukuma chumvi hadi pembeni pa unyevu, pale maji yanakauka, chumvi inabaki. Katikati penye mizizi pako salama, na ndivyo inavyotakiwa.

Hatari ni mvua ya kwanza, ile ndogo ya rasharasha. Mtu anasema "mvua imekuja, nizime dripu." Mvua ndogo inaziyeyusha zile chumvi za pembeni na kuzirudisha penye mizizi. Siku hiyo ndiyo uache dripu ikiendelea, maji yatoke kwenye tundu kwenda nje na kuzizuia. Mvua ikinyesha kubwa kweli kweli hadi ikazizamisha chini, hapo zima.

#25 Binti Bustani

Kuwasha dripu huku mvua inanyesha! Majirani wataniona kichaa.

#26 Mkulima Chipukizi

Nimerudi na majibu. Nimeweka vikopo 9, dakika 6, kama ulivyosema kaka Tone. Mpira wangu umeandikwa lita 1 kwa saa.

Tuta la kwanza: mililita 62, 60, 57.
Tuta la kati: 58, 55, 31.
Tuta la mwisho: 50, 47, 45.

Ile 31 imenishtua.

#27 Tone la Asubuhi

Safi sana! Ona jinsi namba zinavyozungumza. Tuta la kwanza hadi la mwisho zinashuka taratibu: hiyo ni presha inapungua njiani, utaitibu kwa bomba kuu nene au zamu za koki. Ile 31 haifuati mteremko huo. Jirani yake ni 55. Hiyo ni tundu moja lililokabwa, au mpira umekunjika, au panya ametafuna mbele yake. Fungua ncha ya mpira huo usuuze, upime tena tundu lile lile na la kabla yake.

#28 Mkulima Chipukizi

Nimefungua. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai, na vipande vya mwani. Nimesuuza hadi yamekuwa meupe, nimepima: 54.

Tenki langu ni jeupe linaangaza. Nakwenda kutafuta rangi nyeusi.